Jaji Hakuwapo

Usiku wa Machi 10, 2004, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, John Ashcroft, alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi jijini Washington. Wasaidizi wawili wa Rais Bush, Alberto Gonzales na Andrew Card, waliingia wakitaka saini yake ili mpango wa siri wa kunasa mawasiliano bila kibali cha mahakama uendelee. Ashcroft aliinua kichwa, akakataa. Kesho yake Rais aliuidhinisha hivyo hivyo; alikubali kuurekebisha pale tu maofisa wakuu walipokuwa tayari kujiuzulu.

Niliposoma kisa hiki mara ya kwanza, nilimshangilia Ashcroft. Baadaye nikagundua kwamba kwa zaidi ya miaka 2 yeye mwenyewe alikuwa akiusaini. Sheria ya 1978 ilidai kibali cha mahakama maalumu, na kwa dharura iliruhusu kuanza kusikiliza kisha kuomba kibali ndani ya saa 72. Haraka, basi, si kisingizio. Waliobishana kando ya kitanda kile wote walikuwa wateule wa Rais, jaji hakuwapo. Wananchi walikuja kujua Desemba 2005, gazetini. Haki inayosubiri ujasiri wa mgonjwa mmoja haina ulinzi.