Jaribio la Upenyaji na Uzito wa Idhini

Tarehe 31 Desemba 2004, siku chache baada ya tsunami kuzipiga pwani za Bahari ya Hindi, Daniel Cuthbert, mtaalamu wa usalama wa kompyuta jijini London, alichangia pauni 30 kwenye tovuti iliyokuwa ikikusanya misaada ya maafa. Aliingiza namba ya kadi yake ya benki, lakini hakuona ukurasa wa shukrani wala wa kuthibitisha kwamba fedha zimefika. Akashuku kuwa ameangukia mikononi mwa matapeli. Basi akaongeza alama chache kwenye anwani ya tovuti: nukta, nukta nyingine, kisha mkwaju, akaurudia mfuatano huo mara tatu.

Alama hizo huitaka seva itoke kwenye folda iliyomo na kupanda ngazi moja juu, kisha nyingine, kisha nyingine. Seva iliyofungwa barabara hukataa. Iliyo legelege humfungulia mgeni mafaili yasiyomhusu. Ile ilikataa. Cuthbert akaridhika kwamba tovuti ni ya kweli, akaendelea na shughuli zake. Hata hivyo mfumo wa kugundua uvamizi ulikuwa umeshatoa tahadhari, na polisi wakamfuata. Oktoba 2005 mahakama ilimtia hatiani chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, ikamtoza faini ya pauni 400 na gharama za kesi pauni 600. Hakimu mwenyewe alisema anamtia hatiani kwa masikitiko. Hakuna kilichoibwa wala kilichoharibiwa.

Alichokifanya Cuthbert ni hatua ya mwanzo kabisa ya kazi ambayo Waingereza huiita penetration testing, nasi tunaiita jaribio la upenyaji. Wengine husema upimaji wa upenyaji. Istilahi hii ni nzuri, kwa maana kupenya ni kupita palipo na kizuizi, na ndivyo mpimaji anavyofanya. Upungufu wake, ambao imeurithi kutoka kwa asili yake, ni kwamba inakitaja kitendo na kulinyamazia sharti linalokihalalisha. Mpimaji na mdukuzi hutumia zana zilezile, hutafuta mianya ileile, na pengine hukaa kwenye kompyuta za aina moja. Kinachowatenganisha mbele ya sheria ni idhini. Ndiyo maana napendekeza tufasili hivi: jaribio la upenyaji ni shambulio la majaribio dhidi ya mfumo wa kompyuta, linalofanywa kwa idhini ya mwenye mamlaka juu ya mfumo huo na ndani ya mipaka aliyoiweka.

Nimechagua idhini nikaacha ruhusa, kwa kuwa ruhusa huweza kutolewa kwa mdomo na mtu yeyote aliye karibu, lakini idhini hutulazimisha kuuliza kama aliyekubali alikuwa na mamlaka ya kukubali. Septemba 2019 wafanyakazi wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama katika kaunti ya Dallas, jimbo la Iowa, Marekani. Idara ya mahakama ya jimbo ilikuwa imewaajiri kupima ulinzi, na barua walikuwa nayo mkononi. Mkuu wa polisi wa kaunti akasema jengo ni la kaunti, kwa hiyo jimbo halikuwa na haki ya kuwaruhusu. Walilala rumande, na mashtaka hayakufutwa hadi Januari 2020. Kwenye tovuti mambo huwa tata zaidi: tovuti ni ya duka, seva ni ya kampuni inayoipangisha, malipo yanapita kwa kampuni ya tatu. Mkataba wa maana hutaja anwani zitakazopimwa, tarehe na saa, mbinu zilizokatazwa, na namba ya kupiga mambo yakiharibika.

Vipi basi kuhusu mtu aliyeuona mwanya bila kutumwa? Mwaka 2017 kijana wa miaka 18 nchini Hungaria aligundua kwamba mfumo mpya wa tiketi za usafiri wa Budapest ulimwezesha mnunuzi kubadilisha bei ndani ya kivinjari. Pasi ya forinti 9,500 aliipata kwa 50, akaitaarifu kampuni ya usafiri, na badala ya shukrani wakaja polisi. Wananchi walikasirika, nami naona walikuwa na haki. Ukimwadhibu anayeleta taarifa, anayefuata atanyamaza au atauza alichokigundua. Ubelgiji ilielewa hilo: tangu Februari 2023 sheria yake inamkinga mtafiti asiye na nia ya ulaghai, mradi asichukue zaidi ya kinachohitajika kuthibitisha dosari, atoe taarifa haraka, na asiitangaze bila kukubaliwa. Marekani, Mei 2022, iliwaelekeza waendesha mashtaka wa serikali kuu wasiwashtaki watafiti wa nia njema, ingawa huo ni mwongozo tu, na sheria yenyewe haikubadilishwa.

Kwetu nia njema haitoshi kuwa ngao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inaweka adhabu ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayevunja kinga za mfumo akijua hana idhini. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1.

Kwa hiyo kijana unayejifunza kazi hii, jipime kwenye mifumo uliyoiweka mwenyewe au kwenye programu za kampuni zinazowaalika watafiti. Ukikutana na mwanya kwa bahati, simama hapohapo, usifungue faili la pili, na uandike kwa mwenye mfumo. Nanyi benki, vyuo na wizara, wekeni kwenye tovuti zenu lile faili dogo liitwalo security.txt, lenye anwani ya mtu atakayepokea taarifa, na mtamke wazi kwamba atakayeleta taarifa kwa uaminifu hamtampeleka polisi.