Barua Sita za Keswick: Ungamo na Kupona kwa Walevi

Mtu anayefuatilia jinsi walevi wa karne ya 20 walivyosaidiwa kuacha pombe hana budi kukutana na mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyegombana na halmashauri yake juu ya chakula cha vijana. Habari hii haitajwi sana madarasani. Twaona inafaa itajwe, kwa kuwa inagusa chombo ambacho Kanisa letu lilikabidhiwa tangu Matengenezo, nalo mara nyingi limekiacha kabatini.

Frank Buchman alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1878, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1902. Huko Philadelphia alisimamia nyumba ya vijana maskini. Halmashauri ya watu sita ilipotaka kupunguza gharama, chakula kikiwamo, alijiuzulu kwa uchungu mwingi. Mwaka 1908 alikuwa Keswick, Uingereza, kinyongo kikiwa bado moyoni, akaingia katika kanisa dogo ambamo Jessie Penn-Lewis aliwahubiria watu wachache habari za msalaba. Hapo alitambua kwamba hata kama wale sita walikuwa wamekosa, yeye kwa chuki yake alikuwa mkosaji wa saba. Akawaandikia barua sita za kuomba radhi.

Kutokana na tukio lile zilikua desturi za kundi lake, lililokuja kuitwa Oxford Group wakati wa safari ya vijana wake Afrika Kusini mwaka 1928: kujichunguza, kuungama mbele ya mwenzako, na kumrudishia haki yake uliyemkosea. Hatumtetei Buchman kwa yote. Mwaka 1936 alimsifu Hitler mbele ya mwandishi wa gazeti la New York, na neno hilo halistahili kusahauliwa.

Ni kundi hilo lililomsaidia Ebby Thacher, mlevi sugu, kuacha pombe. Novemba 1934 alimtembelea Bill Wilson, mwenzake wa ulevini, huko Brooklyn. Wilson akamimina jini. Mgeni akakataa, akaeleza kwamba amepata dini. Mwezi uliofuata Wilson alilazwa hospitali, akamlilia Mungu, na hakunywa tena hadi kufa kwake mwaka 1971.

Yaliyofuata yatuhusu sisi wahubiri. Kwa miezi kadhaa Wilson aliwahubiria walevi kwa bidii, wala hakuna hata mmoja aliyepona. Daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri na kuanza na habari za ugonjwa wenyewe. Mei 1935, biashara yake ilipomwendea vibaya katika mji wa Akron, Ohio, alijikuta katika ukumbi wa hoteli, baa karibu naye, kishawishi kikubwa. Akampigia simu mchungaji mmoja aliyemwona katika orodha ya makanisa, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hatimaye akafikishwa kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji. Smith alikuwa amehudhuria mikutano ya Oxford Group zaidi ya miaka miwili. Alisoma Biblia, aliomba, na bado alikunywa. Alichopungukiwa ni mtu aliyeijua kiu ile kwa mwili wake mwenyewe. Tarehe 10 Juni 1935 alikunywa mara ya mwisho, na siku hiyohiyo akatoka kwenda kwa watu aliowakosea. Kwa maneno mengine, barua za Keswick zilikuwa zimefika Akron.

Oxford Group ilidai ukweli, usafi, kutojitafutia na upendo, kila kimoja kwa ukamilifu. Wilson aliona kipimo hicho kinawaelemea walevi. Waliolelewa na Luther hawatashangaa: sheria humwonyesha mtu shimo, lakini haimtoi humo. Katika kitabu Alcoholics Anonymous cha mwaka 1939, hatua 12 zinaanza na kukiri kwamba mtu hana nguvu juu ya pombe. Huo ni mwanzo mwema. Hata hivyo hatuwezi kuzifuata hatua hizo hadi mwisho, maana humwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa namna yake, wakati sisi twamjua katika Kristo aliyesulibiwa. Tena, hatua ya tano ina ungamo mbele ya mtu mwingine, ila haina ondoleo. Msikilizaji anasikia yote, lakini hakuagizwa kutamka msamaha kwa jina la Mungu.

Chemchemi ya Keswick ilitiririka hata kwetu. Joe Church, daktari wa misheni ya Rwanda aliyelelewa katika mafundisho hayo, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Kampala mwaka 1929, na Uamsho ulioenea kupitia Gahini ulifika Buhaya. Josiah Kibira, askofu wetu aliyechaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Waliookoka waliacha rubisi, wakaungama hadharani, wakarudisha vya watu. Wengi walisimama imara kwa sababu ndugu waliendelea kukutana nao kila juma. Lakini ungamo la hadharani lina shida yake kwa mlevi, ambaye huanguka tena na tena. Aliyesimama mara mbili mbele ya usharika huona haya kusimama mara ya tatu, naye hubaki nyumbani.

Kifungu cha 11 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kilitaka ondoleo la faraghani lidumishwe makanisani, bila kumlazimisha mtu kuhesabu kila dhambi, na Katekisimo Ndogo ikaweka utaratibu wake: muungamaji mmoja mbele ya mchungaji. Mlevi anayebisha mlango wetu Jumatatu usiku, akiwa ameogopa kusimama Jumapili, anastahili kupewa huduma hiyo nzima, na ondoleo lake litamkwe wazi. Kisha, kabla hajaondoka, tumwunganishe na mlevi aliyekwisha kupona, kwa maana msaada ule Smith alioupata kwa Wilson sisi wenye joho hatuna wa kumpa.