Maiti ya Wakili Ilikuwa ya Nani?

Desemba ikikaribia, sisi watoto wa Nairobi huulizwa, "Unaenda nyumbani lini?" Ukijibu kwamba uko nyumbani tayari, Kasarani, unachekwa. Mzaha huo uliwahi kufika Mahakama ya Rufaa.

Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu aliyewahi kuwa Mau Mau, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukakataa kabisa: Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa mochari miezi mitano.

Wambui aliambia korti kuwa mumewe alikuwa mtu wa kisasa. Walifunga ndoa ya serikali 1963, na jamaa alipenda Shakespeare na Perry Mason. Sheria ya Kiingereza, ambayo Wambui aliegemea, humpa msimamizi wa mirathi jukumu la kuzika. Ukoo nao ukajibu kwamba Lang'ata marehemu alikuwa na nyumba tu, si nyumbani. Boma la Kijaluo huanzishwa kwa mila, halinunuliwi kwa mkopo. Hata Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliitwa kutoa ushahidi. Sijui kesi nyingine yetu iliyopeleka falsafa kizimbani.

Mei 15, 1987, majaji wa rufaa waliamua kwamba Mwafrika wa Kenya hawezi kujivua kabila la baba yake. Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 23. Wambui hakwenda.

Watu husema siku hiyo mila ilishinda sheria. Mimi sikubali. Mila iliingia kortini kwa tiketi ya serikali: sheria ya mahakama ya 1967 inawaambia majaji waongozwe na mila, mradi haipingani na haki na maadili. Barazani wazee na mjane wangeweza kubishana, kusihiana, hata kukubaliana nusu kwa nusu. Kortini lazima mmoja ashinde, na neno la jaji likishaandikwa, mila inaganda.

Na marehemu mwenyewe? Wakili mzima, hakuacha wosia ulioandikwa. Kila upande ulileta mashahidi kusema alichotaka.

Wambui alifariki Agosti 2011. Alizikwa Upper Matasia.