Barabara Zisizo na Magari: Historia Fupi ya Baiskeli na Njia za Udongo katika Mashamba ya Kivu

1. Utangulizi

Tangu mwanzoni mwa karne hii, Ulaya na Marekani zimeshuhudia kukua kwa mchezo wa kupanda baiskeli katika barabara za changarawe zilizo mbali na magari. Mashindano ya Emporia, katika jimbo la Kansas, yalianza mwaka 2006. Na huku kwetu Afrika Mashariki, Kenya imekuwa na mashindano ya namna hiyo katika nchi ya Wamasai tangu mwaka 2021. Wapandaji hao wanatafuta jambo moja: njia ya mashambani ambamo gari halipiti.

Mtu akisimama Kasha, pembezoni mwa mji wa Bukavu upande wa Bagira, mahali ambapo nyumba za mji zinaanza kuyapisha mashamba ya Kabare, aweza kudhani kwamba jambo hilo sisi tumekuwa nalo siku zote bila kulitafuta. Njia za udongo zinapanda na kushuka vilima kati ya migomba, na wapitao ni watu wa miguu, mbuzi, pikipiki, na mara moja moja baiskeli.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ya “siku zote” ina kasoro. Hatusemi juu ya vijia vyote vya vilimani, ambavyo vingine ni vya kale kupita serikali yoyote. Twasema juu ya barabara za udongo ambazo vijia hivyo huishia. Hizo zilichimbwa kwa ajili ya magari, kwa mikono ya watu wasiokuwa na magari. Baadaye magari yakaziacha, na watu wakabaki nazo. Ukimya wake, basi, hauna budi kusomwa kama hati ya historia.

2. Mpira ulitangulia baiskeli

Chombo cha magurudumu mawili kilibuniwa na Karl von Drais huko Mannheim mwaka 1817. Hakikuwa na pedali; mpandaji alijisukuma kwa miguu yake. Pedali zilikuja miaka ya 1860 nchini Ufaransa. Hata hivyo, baiskeli haikuwa chombo cha watu wengi hadi John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la mpira lenye upepo, Belfast, mwaka 1888.

Tarehe hiyo inatuhusu sana. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa amekwisha kujitwalia Kongo kuwa mali yake. Tairi za baiskeli, na baadaye za magari, zilipoongeza haja ya mpira duniani, mawakala wake waliwalazimisha wanakijiji kuuchuma msituni. Mateso yaliyofuata, ya kutekwa mateka, kupigwa viboko na kukatwa mikono, ndiyo yaliyoishurutisha Ubelgiji kuichukua nchi kutoka kwa mfalme mwaka 1908. Nchi ya Bashi haikuwa kitovu cha mpira. Maafa makubwa zaidi yalikuwa katika misitu ya magharibi. Lakini kwa Kongo nzima twaweza kusema kwamba tairi lilidai gharama yake kabla wananchi hawajaiona baiskeli yenyewe.

3. Barabara za amri

Kabla ya ukoloni, bidhaa katika Kivu zilisafiri kwa kichwa, kwa mgongo na kwa mtumbwi. Njia ya miguu ilitosha. Utawala wa Kibelgiji ulihitaji kitu kingine. Mwaka 1917 kilimo cha lazima kiliingizwa katika sheria. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi. Na vilima vilivyo karibu na ziwa vikaanza kupandwa mibuni, chai na miti ya kwinini. Mazao hayo yalihitaji malori, na malori yalihitaji barabara.

Nani alizichimba? Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliruhusu kila mwanamume wa kijijini atozwe kazi za lazima hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikaongezwa kufikia 120. Kulima mazao yaliyoamriwa na kutunza barabara kulikuwa miongoni mwa kazi hizo. Ukizifuata barabara za wakati huo utagundua kwamba kila moja ilikuwa na shabaha yake: shamba la mlowezi, mgodi, misheni au kituo cha serikali. Ni chache zilizounganisha kijiji na kijiji kwa faida ya vijiji vyenyewe.

Katika barabara hizo baiskeli iliingia kama alama ya cheo. Ilikuwa ya karani, ya mwalimu, ya katekista. Mtu aliyelipwa mshahara na aliyejua kusoma. Mchimbaji wa barabara alipita kwa miguu kando ya kazi ya mikono yake.

4. Magari yalipoondoka

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 ilirithi mtandao wa barabara ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa kilomita 140,000, nyingi zikiwa za udongo. Mtandao huo uliishi kwa sababu ya kazi ya kila siku: kuzibua mitaro, kufyeka kingo, kubadilisha mbao za madaraja. Kazi hiyo ilipolegea, mvua ikafanya yake. Ofisi ya Barabara iliundwa mwaka 1971, lakini miaka miwili baadaye mashamba na biashara za wageni ziligawiwa kwa wenyeji katika sera ya Zairianisation, na mashamba mengi yakaporomoka. Kazi ya pamoja iliyoitwa salongo ilijaribu kuziba pengo; wengi waliiona kuwa ni amri ile ile ya kale yenye jina jipya.

Lori liliziacha barabara hizo kwanza, kisha gari dogo. Nyasi zilimea kutoka kingoni kuelekea katikati, hata ukabaki ukanda mwembamba uliokanyagwa na miguu na magurudumu mawili. Barabara ilikuwa imerudi kuwa njia.

Tusilitukuze jambo hilo. Njia iliyoachwa na magari haikuachwa na dhiki. Mwishoni mwa mwaka 1996, kambi za wakimbizi wa Rwanda katika Kivu zilipovunjwa kwa vita, watu wengi mno walikimbilia magharibi kwa miguu katika barabara ya Kisangani. Katika kambi ya Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, walikusanyika watu zaidi ya 100,000, na kipande cha barabara kikatumiwa kama uwanja wa ndege za misaada, hadi kambi ilipotekwa mapema mwaka 1997.

Ni katika miaka hiyo ya uhaba ambapo gurudumu lisilo na mafuta lilishika nafasi ya lori. Mjini Kisangani baiskeli za kubeba abiria zilienea. Katika Kivu ya Kaskazini, chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kilibeba viazi, kuni na makaa kutoka vilimani hadi Goma. Bukavu yenyewe haikuwa mji wa baiskeli, kwa kuwa miteremko yake ni mikali. Huku baiskeli husukumwa zaidi ya kupandwa. Ukishuka katika uwanda wa Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, ndipo unapoziona nyingi.

5. Ushahidi wa maneno

Mwanaisimu hana budi kuuliza lugha inakumbuka nini. Neno barabara lina asili ya Kiajemi, lenye maana ya kitu kilicho sawa. Kiswahili bado kina kielezi barabara, yaani sawasawa. Njia, kwa upande wake, ni neno la Kibantu, ndugu wa inzira ya Kinyarwanda na enjira ya Mashi. La kwanza linataja kitu kilichosawazishwa. La pili linataja mahali watu wapitapo. Mgawanyo huo unalingana na historia tuliyoieleza.

Ama kuhusu chombo chenyewe, pwani wanasema baiskeli, kwa kufuata Kiingereza. Kiswahili cha Kongo kinajua pia velo, kutoka Kifaransa, na kinga, inayofanana na ikinga ya Kirundi na nkinga ya Kilingala. Wanyarwanda wanasema igare, neno lililo karibu na gari. Chukudu, kwa maoni ya wengi, ni tanakali ya sauti ya magurudumu ya mbao. Mjini Kisangani baiskeli ya abiria iliitwa toleka, yaani “tupite” kwa Kilingala. Na boda boda ya mpaka wa Kenya na Uganda ilipewa jina na mpaka wenyewe. Majina haya matatu ya mwisho hayakutoka ofisini wala kiwandani. Waliyatunga watumiaji, na kwa kuyatunga walijitwalia chombo ambacho hapo awali kilikuwa cha karani.

Hata hivyo, majina hayo ni ya kazi za wanaume. Mwanamke anayebeba gunia mgongoni kwa ukanda uliopita pajini mwa uso, kama wanavyoonekana kila siku mjini Bukavu, hakupewa gurudumu wala na mkoloni wala na toleka. Historia ya njia zisizo na magari ambayo haimtaji ni historia nusu.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utulivu wa barabara za mashamba ya Kivu una chanzo: kazi ya shuruti iliyozifungua, na uchakavu na vita vilivyozifunga. Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu wenyewe ulitwaliwa na kundi la M23, na kwa mara nyingine swali la njia ipi inapitika likawa swali la uhai. Siku amani itakapowezesha watu kuzipanda njia hizi kwa starehe, kama inavyofanyika Kenya, itafaa wajue wanapita juu ya kazi ya nani.

Ujuzi huo haupatikani katika nyaraka za utawala pekee. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1950, akishika jembe katika barabara ya shamba la kwinini, leo amepita miaka 90. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu wana kazi ya kufanya karibu kabisa na nyumbani, nayo haiwezi kungoja: kuwauliza wazee wa Kasha, Kabare na Walungu kila barabara ilichimbwa na nani, kwa amri ya nani, na iliitwaje na waliokuwa wakiichimba.