Mito ya Mlima Kenya na Miaka ya Ukame

Msomaji wangu kijana, ukishuka kutoka Kaaga mpaka mto Kathita mwezi wa Februari, utaona mawe ambayo mwezi wa Novemba hufunikwa na maji. Mzee yeyote utakayemkuta njiani atakuambia kwamba zamani mto ulikuwa mkubwa kuliko huu. Yamkini asema kweli. Lakini ni nini kilichoupunguza: ni mbingu, au ni mkono wa mwanadamu? Swali hilo ni la historia, na historia yataka ushahidi.

Kwanza yatupasa kujua kwamba ukame si mgeni katika nchi hii. Ng'ambo ya milima ya Nyandarua liko Ziwa Naivasha, ambalo chini yake tope limetuama tabaka juu ya tabaka. Wataalamu walilichunguza tope hilo, wakatangaza habari zake mwaka 2000. Mabaki ya vijidudu na vijimea vidogo yaliwaonyesha ni lini ziwa lilijaa na ni lini lilipungua. Tangu karibu mwaka 1000 hata 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko siku hizi. Baadaye ukame mkubwa ulirudi mara tatu: takriban 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Fikiri, mwanafunzi: katika miaka 80 mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka asizione mvua walizosimulia babu zake. Wala siku hizo hapakuwa na bomba hata moja.

Ukame wa karibu nasi una mashahidi zaidi. Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alipopanda kilele cha Batian, msafara wake ulipata taabu ya chakula, kwa kuwa nchi iliyozunguka mlima ilikuwa na njaa. Njaa ya mwaka 1943 Wagikuyu waliiita Mianga, yaani mihogo, kwa sababu ya unga ulioliwa siku zile. Mwaka 1984 mvua za masika zilikosekana. Mwaka 2000 maji ya mabwawa ya mto Tana yalishuka hata umeme ukatolewa kwa zamu. Tena, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza sehemu kubwa za mashariki na kaskazini mwa Kenya.

Je, tuseme basi kwamba lawama yote ni ya mbingu? Hebu tutazame upande wa pili wa mlima, ambako mito ya Timau na Nanyuki hushuka kwenda Ewaso Ng'iro. Vipimo vya mto huo huko Archers Post vyaonyesha kwamba katika miaka ya 1960, mwezi wa Februari, zilipita wastani wa karibu mita za ujazo 9 kwa kila sekunde. Katika miaka ya 1990 ilibaki karibu 1 tu. Mvua haikupungua kwa kiasi hicho. Kilichozidi ni mashamba ya kunyweshea, pamoja na mifereji na mabomba yachotayo maji huko juu, wakati ule ule mto unapokuwa mdogo. Wafugaji wa chini wakaachiwa mchanga.

Wengine hudhani kwamba barafu ya mlima ndiyo iilishayo mito yetu. Ni kweli kwamba barafu hiyo imeyeyuka sana tangu siku za Mackinder. Lakini sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ni mvua iliyonywewa na udongo wa msitu, ikatolewa polepole kwenye chemchemi. Afyekaye msitu huo avunja ghala la jirani zake wote.

Basi tusichanganye mambo mawili. Mvua ikikosa, hatuna uwezo wa kuiamuru. Lililo letu ni kuweka akiba. Lakini mto ukikauka katika mwaka wa mvua ya kawaida, tusiisingizie mbingu, bali tutazame mifereji yetu wenyewe. Ili kutofautisha hayo, lazima pawe na kumbukumbu. Nenda mtoni kwenu, utie alama juu ya jiwe mahali maji yanapofika, uandike tarehe katika daftari. Mwezi ujao rudi ukapime tena.