Nani Ana Haki ya Kumlalamikia Refa?

Katika mechi za kugombea mbuzi hapa Kyela, kuanzia Kasumulu hadi Matema, ugomvi mkubwa mara nyingi hauanzi na faulo. Unaanza pale mchezaji anapopewa kadi kwa kumwinulia refa mikono, ilhali muda mfupi uliopita mpinzani wake alimfokea refa huyohuyo na hakuna kilichotokea. Wanaofuatilia mpira wa kikapu wa Marekani, ligi ya NBA, wanakutana na jambo hilohilo, pamoja na kamera na mabilioni yote yaliyoko kule.

James Naismith alipoandika kanuni 13 za mchezo huo mjini Springfield, Desemba 1891, aliweka waamuzi wawili: mmoja wa kuangalia mpira, mwingine wa kuangalia wachezaji. Kanuni zilikataza kusukuma, kushika, kupiga ngwala na kuupiga mpira kwa ngumi. Kuhusu mchezaji anayebishana na mwamuzi hazikusema kitu. Adhabu ya maneno ilikuja baadaye, na tangu hapo kipimo chake kimebaki kichwani mwa kila refa.

Soka lilionja uchungu huo mapema. Tarehe 23 Julai 1966, kwenye Kombe la Dunia, uwanjani Wembley, nahodha wa Argentina Antonio Rattín alimfuata refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, kulalamikia maamuzi. Rattín alizungumza Kihispania, lugha ambayo Kreitlein hakuijua. Alionyesha kitambaa chake cha unahodha na kutaka mkalimani. Refa akamtoa nje. Rattín akagoma kuondoka, mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa, na alipotoka hatimaye alikwenda kuketi kwenye zulia jekundu la Malkia. Vurugu za siku hiyo zilimfanya Ken Aston, aliyekuwa akisimamia waamuzi, afikirie taa za barabarani, na kadi za njano na nyekundu zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico. Kadi zilitatua tatizo la lugha. Swali la nahodha yule, kama ana haki ya kusikilizwa, halikujibiwa.

Katika NBA, Rasheed Wallace wa Portland aliadhibiwa kwa faulo za kiufundi, zile zisizohitaji kumgusa mtu, mara 41 katika msimu wa 2000/01. Ligi ikaamua kukaza. Kuanzia msimu wa 2006/07, mchezaji akifikisha faulo 16 za namna hiyo anakosa mechi moja. Msimu huohuo, Aprili 15, 2007, likatokea la Tim Duncan wa San Antonio, mtu mpole kuliko wengi. Alikuwa benchi, mjini Dallas, akicheka. Refa Joey Crawford akampa faulo ya pili ya kiufundi na kumtoa mchezoni. Duncan alidai refa alimuuliza kama anataka wapigane. Kamishna David Stern alimsimamisha Crawford kwa muda wote uliobaki wa msimu, na Duncan naye akatozwa dola 25,000. Msimu uleule ligi ilipokaza kamba, kicheko cha benchini kiligeuka kosa.

Hasheem Thabeet aliingia katika ligi hiyo Juni 2009, akiwa wa pili kuchaguliwa na Mtanzania wa kwanza kufika huko. Msimu wake wa pili ulipokaribia, 2010, kamba ilikazwa tena: kurusha ngumi hewani, kumkimbilia refa, hata kutupa mikono kwa mshangao, vyote vikawa vya kuadhibiwa. Chama cha wachezaji kikatishia kwenda mahakamani. Kwa maoni yangu wachezaji walikuwa na hoja. Kuongeza orodha ya makosa hakumfanyi refa wa leo aone kama refa wa jana.

Na hapa kwetu kuna busara ya kuitazama. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kuwa hasira iliyofichwa moyoni ndiyo iliyoogopwa. Kabla ya tambiko, wenye kinyongo walitakiwa kukitamka mbele ya wenzao, la sivyo tambiko lingekuwa bure. Lalamiko lilipewa mahali pake na wakati wake.

Sheria za kimataifa zimeanza kusogea upande huo. Katika mpira wa kikapu wa FIBA, nahodha anaruhusiwa kumuuliza mwamuzi kwa adabu, mpira ukiwa umesimama. Soka limefuata: kwenye Euro 2024 nahodha ndiye aliyeruhusiwa kumfuata refa kudai maelezo, na mwenzake aliyemzonga refa alistahili kadi. Rattín alikuwa akiomba hilohilo miaka 58 kabla ya hapo.

Waandaaji wa ligi za Kyela hawana haja ya kusubiri maagizo kutoka Dar es Salaam. Kabla ya mechi ya kwanza, waiteni manahodha na marefa wote pamoja, someni mbele yao nani ataongea na refa, lini, na adhabu ya atakayekiuka. Kisha simamieni hivyohivyo hadi fainali, hata kama anayelalamika ni mfungaji bora wa kijiji.