Asili ya Jina "Kompyuta Binafsi"

Katika ziara ya kukusanya istilahi za ofisini katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mtunza bohari mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Katika daftari la mali ya serikali alikuwa ameandika "kompyuta binafsi, 1", kwa kufuata tafsiri aliyoikuta katika hati. Mkaguzi wa hesabu alipopita alihoji: mali ya mtu binafsi imeingiaje katika daftari la umma? "Basi, ndugu," akaniuliza, "ubinafsi wa mashine hii umetoka wapi?"

Jibu limo katika historia iliyokwisha kusahauliwa. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Zama hizo kompyuta ilikuwa mtambo mkubwa wa kuhudumia idara nzima. Hapakuwa na sababu ya kuihusisha na mtu mmoja.

Mwaka 1973 kampuni ndogo ya Ufaransa, R2E, iliyoongozwa na André Truong, mzaliwa wa Saigon, ilitoa kompyuta ndogo iitwayo Micral N. Mbunifu wake alikuwa François Gernelle, naye aliijenga juu ya prosesa 8008 ya Intel. Hata hiyo haikukusudiwa kuwa ya mtu binafsi. Iliagizwa na INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo, iliyohitaji chombo cha bei nafuu cha kupimia upotevu wa maji kutoka ardhini na katika mimea. Wafaransa walikuwa na neno lao la kompyuta, "ordinateur", lililopendekezwa mwaka 1955 na Jacques Perret, mwalimu wa Kilatini. Kwa mashine ndogo walilitia tu kiambishi chenye maana ya udogo.

Mwaka uliofuata, 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, R2E ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na kampuni ya Bull tangu mwaka 1978. Aidha, mwaka 1981 kampuni ya Kimarekani ya IBM iliingiza sokoni mashine yake kwa jina lenye maana ya "kompyuta binafsi", na jina hilo la biashara likaenea hata likawa jina la aina nzima. Kwa hiyo mashine iliyofika wilayani ilikuja na jina la muuzaji, na sisi wafasiri tukalifasiri neno kwa neno.

Yafaa basi istilahi ifuate umbo na matumizi ya kitu. Katika hati za serikali na vitabu vya shule tuandike "kompyuta ya mezani" au "kompyuta mpakato", kadiri ilivyo, na neno "binafsi" tuliache kwa mali ambayo kweli ni ya mtu. Hapo mtunza bohari hatalazimika kumweleza mkaguzi kosa lililofanywa na mfasiri.